Kwikwi Siku ya Risala

Kwikwi ilinishika asubuhi ya mahafali, nikiwa nimeinama kwenye beseni nanawa uso, kiazi kitamu mdomoni, nacheka. Kiazi kilikuwa cha moto. Maji yalikuwa ya Sumbawanga, na wanaoijua Sumbawanga wanajua kwamba ukiyagusa asubuhi unasikia umepigwa kofi na mtu ambaye hujamkosea kitu. Kicheko nacho kililetwa na rafiki yangu wa chumbani, aliyevaa soksi juu ya soksi juu ya soksi mpaka kiatu kikamkataa, akawa anaruka kwa mguu mmoja bweni zima huku anakigombeza kiatu kwa Kisukuma. Basi kiazi, baridi na kicheko vikakutana kooni kwa pamoja.

Hik!

"Nini hiyo?" akauliza, mguu hewani.

"Hakuna kitu. Hik!"

"Acha utani wewe. Leo siyo siku yake."

Alisema kweli, haikuwa siku yake. Mimi nasoma umeme wa majumbani kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa mjini, nina miaka kumi na saba, na nikifungua mdomo watu wanaanza kucheka kabla sijasema kitu. Sijui ni sura au ni historia. Nyumbani Mpui niliwahi kupewa nafasi ya kutoa nia kwenye sala ya jumuiya, nikaomba mvua, kwa unyenyekevu kabisa, macho nimefumba. Nilipofumbua, akina mama wote walikuwa wamejifunika khanga usoni, mabega yanatikisika. Mama yangu peke yake hakucheka. Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Siku moja tu, mwanangu. Siku moja nikusikie unasema jambo la maana, mwanzo mpaka mwisho, na watu wamenyamaza. Mimi sitaki kingine."

Sasa siku yenyewe ndiyo hiyo ilikuwa imefika, na mimi nina kwikwi.

Chuoni kwetu risala ya mahafali haisomwi na anayehitimu. Inasomwa na anayebaki, kwa sababu anayeondoka hana tena shida ya kuomba kitu. Mwaka huu mwalimu wetu wa umeme alinichagua mimi, akisema nina sauti inayofika Majengo bila waya. Katibu wa wanachuo, kaka mmoja mrefu anayesoma kila karatasi kama anatangaza mzigo uliopotea stendi, akawekwa akiba, yaani nikishindwa asome yeye. Hakufurahi kuwa akiba. Mimi nilipiga simu Mpui usiku huohuo. Mama akaitangazia jumuiya nzima, akaja siku moja kabla, akalala kwa mama mdogo huko Majengo, na asubuhi ile alinitumia ujumbe mfupi kabisa: "Nitakaa mbele. Usinichekeshe."

Na kweli sikuwa na nia ya kumchekesha mtu. Risala nilikuwa nimeikariri mpaka nukta zake. Mwanzoni pongezi, katikati mafanikio, mwishoni ombi letu kubwa kuliko yote: tangi la maji la zahanati ya chuo.

Zahanati yetu ni nzuri, nisiisingizie. Ila bomba lake lilikauka kabla sijafika hapa, na tangu hapo tuna utaratibu wetu: mgonjwa anakuja na kidumu chake cha maji. Unaumwa tumbo, unapitia kwanza bombani nyuma ya bwalo. Una homa, unachota. Hayo maji ndiyo utanywea dawa, ndiyo utanawishwa kidonda, na yakibaki yanaingia kwenye pipa la nesi. Ukionekana unakatisha uwanjani na kidumu, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi, watu wanakwambia pole tu. Kuna wenzetu wamewahi kupona njiani, kwa uzito wa kidumu.

Kwa hiyo nilipokunywa chai, nikaziba pua, nikahesabu kondoo na ng'ombe wote wa kwao rafiki yangu kule Ilemba, na kwikwi ikawa ipo palepale, yeye alikichukua kidumu chini ya kitanda akanikabidhi.

Haraka hatukuwa nayo. Ratiba iliyobandikwa mlangoni pa bwalo ilisema mgeni rasmi atawasili saa nne kamili asubuhi, lakini hakuna aliyeisoma kama habari. Mgeni rasmi wa saa nne anafika saa saba. Hiyo ni elimu ya msingi. Wazazi wanaijua, kwaya inaijua, wapishi wanaweka mchele motoni kwa hesabu hiyo. Nilikuwa na nusu siku nzima ya kutibiwa.

Zahanati tulimkuta mgonjwa mmoja tu, kijana wa useremala aliyejigonga kidole gumba kwa nyundo, amekinyoosha juu kama anaomba kuuliza swali. Nesi alikuwa anamfunga bandeji. Nesi wetu ni mama mtu mzima, mfupi, mwenye mwendo wake: kifua kinatangulia, mwili unafuata. Mwendo huo naujua vizuri kwa sababu naigiza bwenini, kwa watazamaji. Na yeye anajua kwamba naigiza, kwa sababu siku moja niliuigiza kutoka bwaloni hadi mlangoni kwake bila kugeuka nyuma, kumbe huko nyuma alikuwa yeye.

"Shikamoo nesi. Hik!"

"Marahaba. Toka."

"Nesi, naumwa. Hik! Kwikwi."

"Nasikia. Wiki iliyopita ulikuwa mkuu wa chuo, juzi ulikuwa mimi, leo umekuwa kwikwi. Toka, nina watu wa kuhudumia."

"Kweli nesi," akasema rafiki yangu. "Hajaacha tangu asubuhi."

"Na wewe ndiye unayempigia makofi."

Nilijaribu kuweka uso wa mgonjwa. Hilo ndilo lilikuwa kosa, maana uso wangu wa mgonjwa unafanana na uso wangu wa mkuu wa chuo, na yule kijana wa useremala akaanza kucheka mpaka kidole kikamuuma. Nesi akanielekeza mlango kwa mkasi. Nikaona nisiseme tena, ninywe maji tu. Nikainua kidumu, nikapiga mafunda mfululizo bila kupumua, kama bibi alivyonifundisha, na nilipofika katikati ikaja. Hik! Maji yakatoka puani, matundu yote mawili, moja kwa moja kwenye gauni jeupe la nesi.

Nesi akajitazama. Akanitazama. Akaweka mkasi chini.

"Hii ni kweli," akasema taratibu. "Hata wewe huwezi kujitoa maji puani kwa makusudi. Kaa kitandani." Halafu likamjia lile ambalo lilikuwa halijamjia, nikaona macho yanamtoka. "Si wewe ndiye unasoma risala?"

"Ndi— hik! —yo."

"Risala yenye tangi langu?"

Kuanzia hapo nilihudumiwa kuliko mkuu wa chuo. Alinipa kijiko cha sukari kavu kutoka kwenye kopo lake mwenyewe la chai, lile ambalo hata mwalimu wa zamu hapewi. Hik. Akanipa bahasha ya kaki ya kuwekea dawa nipumulie ndani yake. Nikapumua, bahasha ikavimba, ikanywea, ikavimba, hik, ikapasuka. Akaniambia nishike magoti nimeze mate. Akaniambia nitoe ulimi, akauvuta kwa kipande cha bandeji mpaka nikadhani anataka kuona umeanzia wapi. Yule wa useremala, aliyekuwa ameshafungwa na angeweza kwenda zake, akavuta kigoda akakaa vizuri zaidi.

"Kwetu mtoto akishikwa na kwikwi wanambandika uzi utosini," akasema.

"Uzi wa nini?" akauliza rafiki yangu. "Kwetu ni kipande cha karatasi, unakilowesha kwa mate."

"Huyu siyo mtoto," akasema nesi.

"Lakini ana akili za mtoto," akasema rafiki yangu, na kabla sijajibu akachomoa pamba kidogo kwenye kopo, akailamba, akanibandika katikati ya paji la uso. "Tulia. Isidondoke."

Nikatulia. Tukasubiri wote wanne tukiangalia pamba, mimi nikiwa nimegeuza macho juu. Hik! Haikudondoka hata.

Nesi akavuta pumzi. "Basi imebaki dawa moja. Ashtuliwe. Lakini ashtuliwe sawasawa, maana huyu ni sugu."

Aisee, mlango wa kunifanyia vituko ukafunguliwa rasmi, kwa kibali cha zahanati. Rafiki yangu alianza bila kupoteza muda. "Mama yako ameanguka na bodaboda!"

"Wewe!" nesi akamkemea. "Mtu hataniwi kwa mama yake. Tafuta kingine."

Akatafuta kingine. Akaingia chini ya kitanda, akakaa humo, akasubiri mpaka nikamsahau, kisha akanguruma na kunikamata vifundo vya miguu. Aliyeruka ni yule wa useremala, akagonga kile kidole ukutani, akalia. Mimi, hik. Nesi akaingia chumba cha ndani akatoka na bomba la sindano ambalo sijawahi kuliona, nene kama mchi, akalinyanyua kwenye mwanga, akasema kwa sauti ya ukali, "Geuka, vua."

"Hilo kwetu tunachomea ng'ombe," akasema rafiki yangu.

Nikacheka mpaka nikalala. Kucheka na kwikwi vikaingiliana, nikawa natoa sauti ya pikipiki isiyotaka kuwaka, na nesi mwenyewe akashindwa, akageukia ukutani na bomba lake mkononi, mabega yakicheza. Alipopata pumzi akamwambia rafiki yangu, "Nenda nje, katafute mtu mwingine. Yeyote utakayemwona. Aje amshtue. Mwambie asicheke."

Rafiki yangu akatoka mbio na soksi zake tatutatu. Akarudi mikono mitupu, anasema watu wote wamekwenda kupanga viti bwaloni. Hajamaliza kusema, mlango ukagongwa, akaingia mlinzi wa getini.

Huyu ni mzee Mfipa wa makamo ya babu yangu, mwenye koti la kijeshi lililomzidi na kofia ya sufu mpaka nyusi, na tangu nimefika chuoni sijawahi kuona meno yake. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Msomaji wa risala yupo hapa?"

"Nipo, babu, shikamoo. Hik!"

"Marahaba. Unaitwa bwaloni. Mgeni rasmi amefika."

Tukatazamana. Halafu nesi akapiga makofi.

"Safi sana, mzee wangu!" akasema. "Hiyo ndiyo kazi! Mmeona? Mtu hacheki, hatingishiki. Ungefaa kuwa muigizaji wewe."

"Nasema amefika," akasema mlinzi.

"Na anaendelea!" akasema yule wa useremala.

"Umemwambia saa ngapi?" nikamuuliza rafiki yangu.

"Mimi? Sijamwambia, walahi sijamwambia," akasema huku anacheka, na yeye hucheka akidanganya, ila pia hucheka akisema kweli, kwa hiyo haikutusaidia.

Mlinzi akakunja kofia mikononi. "Gari lake nimelifungulia geti mimi mwenyewe. Yuko ofisini kwa mkuu anakunywa maji."

"Gari la rangi gani, babu?" nikauliza. "Hik!"

"Jeupe."

"Yote meupe hayo!" tukapiga kelele wote kwa pamoja, na yule wa useremala akapigapiga goti kwa mkono mzima.

Kadiri mzee alivyokasirika ndivyo tulivyozidi kumpongeza. Mishipa ya shingo ilimtoka, nesi akasema, "Mtazameni shingo, jamani, mtazameni shingo!" Akagonga mguu chini, tukapiga makofi. Nesi akafuta machozi kwa ncha ya gauni, akamshika mkono kwa upole.

"Mzee wangu, tunakushukuru. Umejitahidi. Lakini ungesema nyoka, au moto, au hata simba. Mgeni rasmi? Saa nne hii?"

Hapo mlinzi akainamisha kichwa. Hasira zikamwishia, akawa kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya mwingine.

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Nilimuuliza dereva kama wamepotea njia."

Lile neno lilinigusa pabaya. Mtu anayeigiza haongezi kitu kama hicho. Nikakaa wima kitandani. Na hapohapo, kupitia dirishani, kutoka bwaloni, tukasikia kwaya inaanza. Kwaya yetu ina wimbo mmoja wa kumpokea mgeni, na haianzi mpaka mguu wa mgeni uguse kizingiti, kwa sababu mwaka jana waliwahi kuuimba wote, beti na viitikio, kulipokea lori la kuni, wakaapa haitatokea tena.

Nesi akasikiliza kiitikio kimoja. Bomba la sindano likamdondoka.

"Tangi langu!" akapiga kelele. "Mwanangu, kimbia! Tangi langu!"

Nilishtuka. Hapo sasa nilishtuka kweli, mpaka visigino vikapata ganzi. Pamoja na haraka yote, tulisimama kidogo, wote watano na mlinzi akiwemo, kusikiliza kama dawa imefanya kazi.

Hik!

Nikatimua mbio.

Nilikatisha uwanja nikiwa na sketi nyeusi ya kuazima na blauzi iliyolowa, na nilipofika mlangoni pa bwalo nikasikia sauti ya mzigo uliopotea stendi. Katibu alikuwa ameshasimama mbele, kipaza sauti mkononi.

"Ndugu mgeni rasmi, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, msomaji wa risala—"

"Yupo!" akasema mwalimu wa umeme kutoka pembeni. Hakupaza sauti sana, lakini alisema kama mtu aliyekuwa anaomba rozari kimoyomoyo na rozari ikajibiwa.

Nikapita katikati ya viti, shingo zote zikigeuka. Katibu hakutaka kuachia kipaza sauti. Tukavutana nacho kidogo, kwa heshima, tukitabasamu wote wawili, mpaka nikamwambia chini kwa chini, "Kaka, niachie, hik, mama yangu yupo." Akaachia.

Mama alikuwa kweli mstari wa mbele, na kitenge chake cha Pasaka, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Nikamtazama nipate nguvu. Yeye akanitazama, akakunja uso, akainua mkono wake wa kulia, akagusa paji la uso.

Nikaelewa. Mama yangu ni Mkatoliki wa Ufipa, hawezi kuanza kuchuma maharage bila ishara ya msalaba, seuze risala. Alikuwa ananikumbusha nianze na Mungu. Nami nikainua mkono, taratibu, ukumbi mzima ukiona, "Kwa jina la Baba." Bwalo zima likainuka. Viti vikalia. Wazazi wa Mpui, wazazi wa Ilemba, walimu, wapishi dirishani, mgeni rasmi mwenyewe, wote wakafanya ishara ya msalaba pamoja nami, wakainamisha vichwa, wakasubiri sala. Na vidole vyangu, vilipogusa paji la uso, vilikuta pamba.

Ilikuwa bado imenata. Nilikuwa nimepita katikati ya watu wote hao na pamba ya mate katikati ya uso, na mama alikuwa ananiambia niitoe.

Watu wamesimama, wameinama. Ningesema nini? "Tumwombe Mungu abariki, hik, mahafali yetu, amina."

"Amina!" wakaitika, wakakaa. Pamba ilikuwa mfukoni.

Nikafungua karatasi. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nisome mpaka mwisho na mtu asicheke. Nikaanza vizuri. Ndugu mgeni rasmi, nikasoma, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi wetu, nikavuka mstari wa kwanza, wa pili, nikaanza kuamini, na nilipofika kwenye "tunajivunia nidhamu ya hali ya juu" ikaja kubwa kuliko zote za asubuhi, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni. Spika za bwalo zilitetemeka. Mtoto akaanza kulia kule nyuma.

Wa kwanza kucheka walikuwa wenzangu wa umeme. Nikaendelea. "Ufaulu wetu, hik, umepanda." Wakacheka wahitimu na majoho yao. "Walimu wetu wanajituma, hik." Wakacheka walimu, na wengine wakatazamana kama vile kwikwi ilikuwa na maoni. Mgeni rasmi akachukua leso akajifanya anafuta pua. Na ukumbi ule unanijua. Walidhani naigiza. Kila nilivyojitahidi kuwa makini, uso wangu wa umakini ukawamaliza kabisa, mpaka nikaona katibu, yule kaka wa akiba, ameegemea nguzo analia kwa kicheko.

Sikuthubutu kumtazama mama.

Nilipofika kwenye ombi la tangi, maneno ya karatasi yalikuwa "tunakabiliwa na changamoto ya upatikanaji wa huduma ya maji." Nikaona nikiyasoma hayo yatapita hivihivi na kicheko. Nikashusha karatasi.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasema, "hii siyo utani. Ni kwikwi. Hik. Nimetoka zahanati sasa hivi. Nesi wetu amenipa sukari ya chai yake. Amefanya kila kitu. Maji ya kunywa nilikwenda nayo mwenyewe, kwa kidumu."

Wakacheka tena, lakini kidogo.

"Pale zahanati mgonjwa anachota maji kwanza, ndipo anatibiwa. Mwenye homa anachota. Hik. Aliyevunjika mkono anachota na ule mwingine. Mimi leo naumwa kwikwi tu. Naomba aliyewahi kubeba kidumu akiwa mgonjwa asimame, mgeni rasmi atuone."

Sijui hilo lilitoka wapi. Halikuwa kwenye risala, na mkuu wa chuo alinigeukia kama mtu aliyesikia kioo kinapasuka. Kule mlangoni walikuwa wameshafika nesi, rafiki yangu na yule wa useremala, wanahema. Wa useremala akanyoosha kidole chake chenye bandeji. Wenzangu wa umeme wakasimama. Wakasimama wahitimu, mstari baada ya mstari. Akasimama mwalimu wangu. Katibu akaiacha nguzo, akasimama wima, leso machoni. Kwa muda huo bwalo lilitulia kabisa, ukasikia sufuria jikoni.

"Tunaomba tangi," nikasema. "Ahsanteni."

Hik, ikasema spika.

Mgeni rasmi aliposimama kujibu, alisema suala la tangi amelisikia na atalifanyia kazi. Ndivyo wanavyosema wote. Ila aliomba kuonyeshwa zahanati kabla ya chakula, na nesi akatangulia, kifua mbele, mwili unafuata, na mgeni rasmi nyuma yake, na mimi nikasema moyoni kwamba mwendo huo siuigizi tena, angalau mpaka muhula ujao.

Mama nilimkuta nje, kwenye viti vya chini ya turubai, na sahani ya pilau aliyonichukulia ikiwa imefunikwa kwa sahani nyingine. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa ule, itapoa."

Nikakaa. Nikala kidogo.

"Walicheka, mama."

"Walicheka."

"Nilijitahidi."

"Nimeona. Na mimi nilicheka."

"Wewe?"

"Kwenye nidhamu, kidogo nianguke. Mama mdogo wako ndiye alinishika." Akaniondolea punje ya wali kwenye kola. "Kwani mtu akicheka masikio yanaziba? Ile ya kidumu nimeisikia yote. Na waliponyamaza, nilisikia wamenyamaza."

Nikaendelea kutafuna.

"Sasa," akasema, "jumuiya wataniuliza umesema nini, nami siwezi kuwapelekea kicheko. Nisomee tena. Taratibu."

Karatasi ilikuwa imeloa, nikaisoma hivyohivyo, pongezi, mafanikio, nidhamu. Nesi alipita akiwa amebeba soda mbili, akasimama. Mpishi mmoja akaweka sinia chini. Nilifika mwisho, nikakunja karatasi, ndipo nikagundua kwamba kwikwi haikuja hata mara moja, na sikujua iliondoka saa ngapi. Nikamtazama mama, nasubiri.

Yeye alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Rudia pale kwenye tangi," akasema. "Umeomba kama hulitaki."